Aliyetangulia Kuonja

Simu ililia nikiwa nakaanga vitunguu. Sauti ya mwanamume, nzito, iliyochakaa, ilisema, "Karani, Mama Spesioza ametutoka. Tunazika kesho saa nane, Nyakatuntu." Hakuna mtu mwingine aliye hai anayeniita Karani. Alikuwa Hamza, aliyekuwa dereva wetu, na miaka mingi ilikuwa imepita bila sisi kusemezana. Nikazima jiko. Nilidhani nitalia. Nikakaa kwenye kigoda nikayangoja machozi, lakini kilichokuja ni hasira, ileile, haijapungua hata kidogo, kama kaa la moto lililofunikwa majivu jana jioni na leo mtu amekuja kulipuliza. Nimekuwa mwalimu, nimestaafu, nimezika watu wengi na kusamehe wengi zaidi. Mwaka ule sijausamehe. Watu wa kule wakiusimulia husema "ile ajali ya Mama Spesioza." Ajali ni mti kuangukia paa. Neno hilo sitalitumia tena baada ya mstari huu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Uganda vilipokwisha, na Kyerwa bado ilihesabiwa kuwa Karagwe. Sabuni tuliikata vipande kwa uzi. Mafuta ya taa yalipatikana kwa kujuana. Kwenye barabara ya Nkwenda magari yalilala kwa kukosa petroli mpaka nyasi zikaota katikati ya magurudumu, na kuku wakataga kwenye viti vya mbele. Ndipo ulipokuja mradi. Mtaalamu mmoja wa Ulaya, mrefu, mwenye magoti mekundu kwa jua, alikuwa amesikia kwamba huku kwetu ndizi huozea shambani na vigogo vya migomba hukatwa vikaachwa chini. Alisema ndani ya vitu hivyo, hata ndani ya maganda, kuna sukari iliyojificha. Sukari hiyo inageuzwa spiriti, na spiriti inaendesha gari. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, napiga taipu kwa vidole vinne. Nikaajiriwa kuwa karani na mkalimani wake. Nilimwamini, na nalisema hili mapema ili mtu asifikiri naidharau kazi yenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Hadi leo nikipita shambani nikaona kigogo cha mgomba kimelazwa kinavuja maji, moyo unanishtuka, nasema: mle ndani kuna safari.

Mradi ulipewa ghala la zamani la kahawa, kati ya Nkwenda na Nyakatuntu, juu ya kijito. Kuta zake zilikuwa na harufu ya maganda ya kahawa ambayo hakuna deki iliyowahi kuitoa. Upande mmoja yalipangwa mapipa ya kuchachushia. Upande wa pili ulisimama mtambo, pipa kubwa jeusi juu ya tanuri, na mrija uliopinda kuingia kwenye birika la maji baridi. Ofisi yangu ilikuwa kichumba cha mbao kilichochomekwa kwenye kona, chenye dirisha lisilo na kioo, na dirisha hilo lilitazama uani, mahali pa jiko. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nikipiga taipu huku naisikia dunia: kuni zinapasuliwa, maharage yanatokota, kina mama wanne wa kukamua ndizi wanasemana. Nililijua kila kikohozi cha ua ule. Naomba hilo likumbukwe.

Miezi mitatu ya kwanza Mtaalamu alipika siki. Alikuwa na vitabu, alikuwa na tindikali kwenye chupa za kahawia, alikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, na kila pipa lililofunguliwa lilitoa harufu kali ya uchachu iliyotutoa machozi. Wanaume wa Nkwenda walikuja kuchungulia na kucheka. Meneja hakucheka. Meneja wetu alikuwa mtu wa hukuhuku, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na pete ya funguo kiunoni iliyomtangulia kwa mlio kabla hujamwona. Jina lake sitalitaja. Ana wajukuu wanaoitwa kwa jina hilo shuleni, na wao hawajamnyima mtu macho. Yeye ndiye aliyemleta Mama Spesioza, na alimtoa mahabusu. Mgambo walikuwa wamemkamata na enkonyagi, ile spiriti ya ndizi ambayo nusu ya wilaya iliinywa na serikali ikaikataza, wakamchukulia mrija wake wa shaba. Meneja aliwaomba mama na mrija pamoja, kama mtu anayeazima jembe na mpini wake.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, mweusi sana, mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake. Wazazi wake walitoka Burundi kuja kulima vibarua, na Kinyambo chake kilikuwa na mkokoto wa kwao. Siku aliyofika hakusalimia mtambo wala kitabu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wa mti uliotumika kukamulia ndizi, akauinamia, akaunusa toka mwanzo hadi mwisho.

"Nani kauosha huu?"

Nikatafsiri. Mtaalamu akasema kwa fahari kwamba ameuosha mwenyewe, kwa dawa ya kuua vijidudu.

"Mwambie amemfukuza mwenye kazi," alisema Mama Spesioza. "Mtumbwi hauoshwi kwa dawa. Unasuuzwa kwa maji, unaachiwa jasho lake. Hilo jasho ndilo linaloamka pombe ikiingia. Mawe, mama wee! Mzungu kaua ng'ombe, halafu anakaa kungoja maziwa."

Kina mama waliangua kicheko wakashikana mabega. Mtaalamu aliniuliza wanachekea nini, nikamwambia, naye, nampa haki yake, akacheka zaidi yao. Alimsikiliza. Mama Spesioza akauleta mtumbwi wake mkuukuu kutoka Nyakatuntu, mweusi kwa umri. Akaloweka mtama mpaka ukaota, akaukausha, akausaga, akauchanganya na uji wa maganda na vigogo vilivyopondwa, akaongeza ndizi kidogo za kuanzia. Alitega sikio kwenye pipa kila asubuhi, na alipotuambia "leo limenyamaza, lipikwe," ndiyo siku lilipopikwa. Spiriti ya kwanza ilipodondoka alimwaga kidogo juu ya jiwe, akaliwasha. Mwali ukapanda wa buluu, mwembamba, bila kusinzia. Mtaalamu akazamisha kipimo chake cha kioo, akasoma, akakiangalia, akamwangalia mwanamke yule, akavua kofia.

Siku hiyohiyo Mama Spesioza alimpa Mtaalamu kikombe. Lakini kwanza alikunywa yeye, funda moja zima, akafuta mdomo, ndipo akamnyooshea. Mtaalamu akaniuliza sababu. Nilimuuliza Mama Spesioza, ingawa nilijua. Kwetu hilo ni jambo la kila nyumba, anayekuletea kinywaji ndiye anayetangulia kunywa. Akajibu bila kumtazama yeyote: "Nikitangulia, tumekuwa kitu kimoja. Tunaishi wote au tunakufa wote." Nikatafsiri. Mtaalamu akaliandika kwenye daftari lake. Niliona akiliandika.

Nikiukumbuka mwaka ule sasa, kinachonichoma zaidi ni kwamba tulikuwa na furaha. Saa sita tulikula pamoja uani, ndizi na maharage kwenye jani moja pana la mgomba, na siku za neema senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Tulitafuna kahawa iliyochemshwa na maganda yake. Hamza, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa Nkwenda na babu yake alitoka Bagamoyo, alileta chumvi ndani ya karatasi iliyosokotwa na akasimulia habari za barabarani, nyingine za kweli. Alikuwa mchangamfu, mwenye kofia safi ya kufuma, na hakugusa pombe tangu kuzaliwa. Kina mama walimfanya mzaha wao wa kila siku.

"Shikamoo, Mama Spesioza."

"Marahaba, Mswahili wangu. Leo utaoa hapa au bado unatuogopa?"

"Nitaoaje nyumba inayonuka pombe hivi? Malaika wangu watakosa njia ya kuingia."

"Watakuja wamelewa. Watafurahi."

Nilipanga kuandika kitabu juu yao. Nilikuwa na daftari. Nilidhani nina muda.

Ikatangazwa siku ya sherehe. Mgeni rasmi angetoka mkoani, na Land Rover ya mradi ingezunguka uwanja mbele ya watu ikiendeshwa kwa spiriti tupu. Mafundi walirekebisha kabureta, tangi likajazwa, na Meneja akaamuru gari lisiguswe. Lakini sheria ilitaka spiriti yote ya magari iharibiwe kwanza, itiwe kitu cha kuzuia watu wasiinywe. Kitu hicho kilikuwa spiriti ya miti. Ni ndugu wa spiriti yetu, inafanana nayo kwa rangi, inakaribiana nayo kwa harufu, na kikombe kimoja kinaweza kumpofusha mtu au kumuua. Mtaalamu alinieleza haya akiwa amekunja uso, akanifungulia kitabu chake kikubwa chekundu, akaniambia niandike tangazo kwa Kiswahili, herufi kubwa, libandikwe ukutani kabla pipa halijafika, na nilisome kwa Kinyambo mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akapanda basi kwenda Bukoba kumpokea mgeni.

Niliandika: HII NI SUMU. INAPOFUSHA. INAUA. USIONJE HATA TONE. Nililinunulia gundi. Meneja akaingia, akasoma akiwa amesimama, funguo zikatulia.

"Hapana," alisema. "Si wiki hii. Ukiwatisha watakimbia, nani atakoka tanuri siku ya mgeni? Tena ukimwambia Spesioza kwamba kazi yake inatiwa sumu, unamjua mdomo wake. Baada ya sherehe, Adventina. Weka kwenye droo."

Nikaliweka kwenye droo. Hapo ndipo mimi ninapoingia, na sijawahi kupata mlango wa kutokea. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alikwenda mbali zaidi. Kina mama aliwaambia kwamba inakuja spiriti nyingine ya kuongezea nguvu spiriti yetu. Na pipa lilipofika Nkwenda likiwa na fuvu jeusi limechorwa ubavuni, alilipeleka kwa fundi wa rangi kabla hata Hamza hajaitwa kulibeba. Mapipa yote yalitakiwa yawe ya kijani mbele ya mgeni rasmi, yameandikwa MALI YA MRADI kwa rangi nyeupe. Fuvu likazama chini ya kijani. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa anajua kusoma.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, nilikuwa naipiga taipu hotuba ya kumkaribisha mgeni. Nilisikia lori linaingia uani, mlango wake ukifungwa kwa kishindo, pipa likiviringishwa. Kisha nikasikia mazungumzo haya, na nimeyasikia kila wiki ya maisha yangu tangu hapo.

"Umetuletea nini, Mswahili?"

"Spiriti. Meneja kasema mtachanganya na yenu."

"Spiriti ya nani?"

"Mimi najua? Ya wakubwa."

"Haichanganywi na yangu kabla sijaijua. Fungua. Haya, uliyeileta, tangulia."

"Mama, wee! Unajua mimi sinywi."

"Kaleta pombe hataki kuonja!" alipiga kelele mmoja wa kina mama. "Katuletea uchawi huyu!"

"Wallahi nimeleta kama nilivyopewa."

"Mtu analeta pombe kwa watu kafumba mdomo, wapi mmeona? Mswahili, leo unywe au ulale nayo hapo nje!"

Wakacheka. Nilisikia Hamza anajaribu kucheka nao, na kicheko chake kikimkwama. Ndipo sauti ya Mama Spesioza, ya upole kuliko zote: "Muacheni mtoto wa watu na dini yake. Msimtie aibu. Nitamwonjea mimi. Leo mimi ndiye niliyeileta." Nikasikia kikombe cha bati kikigusa ukingo wa pipa. "Tamu kidogo," alisema. "Nyepesi. Huyu aliyeipika hajui kazi. Ifunikeni."

Mimi niliendelea kupiga taipu. Niliandika "kwa heshima na taadhima." Nilijua pipa linakuja wiki ile. Nilikuwa na tangazo kwenye droo, chini ya mkono wangu wa kulia. Akili yangu ilisikia kina mama wakimtania Hamza kama kila siku, ikapita. Naijua hoja ya kunitetea; wanafunzi wangu, marafiki zangu, hata padri wamenipa. Nimeichoka. Masikio yangu yalisikia.

Alhamisi asubuhi palikuwa na ukungu mabondeni kama kawaida, kisha ukapanda, na saa tatu jua lilikuwa limetapakaa ua mzima, jekundu juu ya udongo mwekundu. Nilikuwa jikoni nakunywa uji. Mama Spesioza hakuwahi kuchelewa kazini, na siku hiyo alichelewa. Alikuja akiushika ua wa miti, mkono kwa mkono, akisimama, akitapika kidogo, akifuta mdomo kwa kanga. Alipofika mlangoni aliniamkia kwa Kinyambo, "Oraire ota, Karani? Mbona ukungu wa leo haupandi?"

Kina mama walitazama jua, wakamtazama yeye.

"Mweupe kama maziwa," alisema. "Nimekuja kwa kuipapasa njia."

Bakuli likanitoka. Nilikimbilia ofisini, nikakifungua kitabu chekundu. Habari yake ilikuwa hapo, kwenye ukurasa uleule aliokuwa amenionyesha. Ilisema mtu aliyekunywa spiriti ya miti apelekwe hospitali haraka, na kwamba dawa ya kuizuia isiendelee kula macho ni ile spiriti nyingine, ile inayonywewa, apewe kwa kipimo mapema iwezekanavyo. Niliusoma mstari huo mara tatu. Dawa yake ilikuwa kwenye mtungi hatua kumi kutoka alipokaa. Aliipika yeye mwenyewe.

Nilimkuta Meneja akipangusa kioo cha Land Rover kwa gazeti lililoloa. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikamwonyesha kitabu. Alikisoma. Nataka ifahamike kwamba alikisoma mpaka mwisho, kidole chake kikifuata mistari. Kisha akakifunga.

"Unataka nimnyweshe gongo mgonjwa, kazini, siku mbili kabla ya mgeni rasmi?"

"Ni dawa, Meneja. Imeandikwa."

"Na hospitali utawaambia alikunywa nini? Aliinywa wapi? Nani alimpa?"

"Tumpeleke kwanza. Gari hili hapa."

"Gari hili lina mafuta ya maonyesho. Mnajua tulivyohangaika kupata tangi moja?" Akaupiga mlango wa gari kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Malaria imempanda machoni. Mpeni maji alale. Nawe rudi ukamalize hotuba."

Alifunga stoo ya spiriti, funguo zikalia kiunoni, akaenda. Na mimi, Mungu anione, nilirudi ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na nilimwogopa mtu mwenye funguo. Kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana Mama Spesioza alilala kwenye mkeka kivulini, kichwa kikimpasuka, na kila nilipomletea maji aliniuliza kama ukungu umepanda. Nilimwambia bado kidogo. Mara tano nilimwambia bado kidogo.

Saa nane Hamza alirudi na lori kutoka Nkwenda, tangi likiwa limekauka na petroli imebaki kikopo kimoja. Alisikia maneno mawili tu kutoka kwa kina mama, na kwangu habari ya dawa iliyofungiwa stoo. Hakuenda kwa Meneja. Alichukua nyundo iliyotumika kupigilia vifuniko vya mapipa, akavunja kufuli ya stoo, akajaza chupa. Akafungua boneti ya Land Rover, akamiminia kabureta petroli kidogo kutoka kwenye kopo lake, akaunganisha nyaya, na injini ikakohoa, ikashika. Meneja alitoka anakimbia. "Ukilitoa gari hilo nje, huna kazi!" Hamza alimjibu neno moja la Kiswahili cha kwao ambalo sitaliandika, nalo limenifariji miaka yote.

Nilikaa nyuma nikimpakata Mama Spesioza. Barabara ilikuwa mbovu, gari likirukaruka, moshi wake ukinuka utamu, harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tulikuwa tukisafiri ndani ya kazi ya mikono yake. Niliweka chupa kwenye midomo yake naye akaisukuma.

"Nani kaionja hii?"

"Mama, ni yako. Uliipika wewe."

"Sioni ni ya nani. Uliyeileta tangulia."

Hamza akasimamisha gari katikati ya njia. Akageuka, akanyoosha mkono wake aichukue chupa, na niliuona uso wake, angekunywa. Nikamtangulia. Nilikunywa funda zima, ikanichoma hadi tumboni, ya kwanza katika maisha yangu. "Nimeonja, Mama," nikamwambia. Akainusa pumzi yangu. Ndipo akakubali kunywa, na Hamza akakishika kichwa chake kwa mikono miwili ili isimwagike.

Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa mtawa mwenye mvi, mwanamke asiyepoteza maneno. Alituuliza alikunywa saa ngapi, ukungu ulianza saa ngapi, spiriti tulimpa saa ngapi. Aliandika. Akasema tumeokoa uhai. Kisha akaniuliza, "Mlijua tangu saa tatu?" Nikasema ndiyo. Akaifunika kalamu yake. "Saa tatu pengine palikuwa bado na macho ya kuokoa," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama Spesioza alisikia. Alikuwa amelala pale, kitambaa usoni. Alitafuta mkono wangu juu ya blanketi akaupata, akaushika, na afadhali angenipiga.

Sherehe ilifanyika Jumamosi kama ilivyotangazwa. Mtaalamu alirudi na mgeni, akasikia, akawa mweupe kama karatasi, akaliulizia tangazo. Nililitoa kwenye droo nikampa. Alilishika sherehe yote, limekunjwa, mfukoni, na hakusimama kusema neno. Land Rover ilizunguka uwanja mara tatu, ikiendeshwa na dereva mwingine, kwa yale mafuta tuliyobakiza. Watu walipiga vigelegele. Nami nilisimama kwenye kipaza sauti nikaisoma hotuba, "kwa heshima na taadhima," kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, kwa sababu Meneja alinitazama na nikasoma. Hamza alifukuzwa. Mwaka haukuisha, Mtaalamu akaondoka, petroli ikarudi Nkwenda, mirija ikaibwa mmoja mmoja, na ghala likarudi kuwa la popo. Hakuna aliyeulizwa. Meneja alihamishiwa mradi mwingine, mkubwa zaidi.

Mama Spesioza aliishi gizani miaka mingi kuliko niliyokuwa nimeishi siku ile. Alipika rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka uzee wake, kwa pua na kwa sikio. Nilimtembelea mara mbili tu. Mara zote mbili alitangulia kunywa, akafuta mdomo, akaninyooshea kikombe mahali hasa nilipokuwa.

Tulimzika saa nane. Hamza alikuja na mkongojo, kofia yake ya kufuma ikiwa safi vilevile, akasimama kando yangu kaburini. Baada ya mazishi watu walikaa migombani, rubisi yake ya mwisho ikaletwa, ile aliyokuwa ameiacha pipani. Mkwewe alisema ilinyamaza asubuhi aliyokufa. Ndipo nikamwona Meneja kwa karibu. Mzee sana, nadhifu sana, kwenye kiti cha plastiki alichowekewa mbele kwa heshima. Alikuwa ameshazungumza kwenye mazishi. Alisema marehemu alikuwa mfanyakazi hodari aliyepatwa na lile neno nililoapa kutoliandika.

Mkwe wa marehemu alinipa kibuyu, akaniomba niwahudumie wazee kwa kuwa nami nilikuwa mtu wa nyumbani. Nilianza na Hamza, nikamjazia chai. Nikawapa wengine, kwa kila mmoja nikitangulia kunywa funda, na kumnyooshea. Nikafika kwake.

"Adventina," alisema. "Waitu, mtu wetu, umezeeka vizuri."

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa nililelewa.

"Marahaba, mwanangu."

Nilijaza kikombe. Alingoja. Watu waliotuzunguka walingoja pia, bila kujua wanangoja, kwa jinsi mtu anavyongoja jambo ambalo halijawahi kukosa kufanyika. Nikamtazama machoni, na macho yake yalikuwa mazima, meupe, mazuri kwa umri ule. Sikuonja. Nilimnyooshea kikombe kama kilivyo.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakitazama, akanitazama, na nikaona akili yake ikirudi nyuma, ikipita Land Rover, ikipita kitabu chekundu, mpaka kwenye rangi ya kijani. Hakunywa. Wala hakuthubutu kukiweka chini, nyumba ya watu, siku ya msiba. Nilikaa mbele yake kwenye jani la mgomba, nikapakata mikono, nikamtazama mpaka jua lilipoondoka migombani, naye bado amekishika.